Ndoo Chini ya Timazi

5 Oktoba, Jumapili

Mvua ya kwanza imetukuta kanisani katikati ya mahubiri. Nusu ya akina mama wametoka mbio kwenda kuanua nguo, padri akabaki akiwahubiria wanaume na mabenchi. Nyumbani paa limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya kitanda cha mama. Nimeweka sufuria. Mama anasema mvua ni baraka. Baraka gani hii inayolowesha godoro?

Baba alikuwa akiandika kila msimu wa mvua: imenyesha lini, kazi gani imefanyika, nani kaja kazini amelewa. Alikuwa mpimaji ardhi mgodini, na alisema mtu asiyejua mvua ya jana asiamini kipimo cha leo. Alikufa akaacha daftari limejaa nusu. Nitalimaliza mimi, nione kama mvua yangu ni mbaya kuliko yake.

6 Oktoba

Hakuna mteja wa maana. Kibao cha karakana yangu, mtaa wa Manika, kimeandikwa HUGUETTE NKULU: NIVEAU, THÉODOLITE, LUNETTE, BALANCE, yaani natengeneza pima maji, vipima pembe, darubini na mizani. Siku hizi wapimaji wanarusha vindege vyenye kamera, hawana haja tena ya mtu wa kuwasafishia vioo. Nimetengeneza miwani ya katekista na cherehani ya jirani. Jirani hana haraka ya kuja kuichukua, kwa hiyo cherehani imekaa uani kwangu kama mgeni asiyejua kuaga.

9 Oktoba

Mdogo wangu Gracien amerudi kuchimba Milombe. Milombe ni shimo la madini ndani ya konsesheni ya kampuni, kubwa kiasi kwamba lori likiwa chini unaliona kama kiatu cha mtoto. Kuingia ni marufuku. Vijana wanaingia kwa tundu la uzio, hasa wakati wa mvua, walinzi wanapojikunyata vibandani. Gracien ndiye anayewaongoza wenzake: wakitoka na mifuko ya madini, anatangulia hadi ukingoni, anasimama kando ya jiwe moja jeupe, anaangalia kama njia ni salama, kisha anawapungia mkono.

Nimemwambia asiende. Ameenda.

11 Oktoba

Gracien amerudi na tope hadi masikioni, anacheka peke yake. Nimemuuliza kinachomchekesha, mimi dada yake mkubwa.

"Yaya, ule mulinzi wa mirador, ng'ambo ya karieri, ni kipofu. Kila siku anapiga ile jiwe. Ile ile! Mi niko pembeni, napangusa mavumbi, naita benzangu, tunabeba mifuko, tunaenda. Njo kengele yetu."

Mirador ni ule mnara wa walinzi, karieri ni shimo lenyewe. Kutoka pale hadi kwenye jiwe ni karibu mita mia nane. Mama ameacha kumenya mihogo, amefanya ishara ya msalaba. Mimi nimemwambia kwamba kipofu naye siku moja hupata miwani. Amenicheka na mimi.

14 Oktoba

Leo kazi imekuja kwa pikapu nyeupe. Chifu wa walinzi wa Milombe, mtu anayeitwa Benoît, amebaki garini na simu yake. Aliyeshuka ni mtu mrefu wa makamo, kofia ya sala kichwani, amebeba bunduki iliyofungwa kwa kitenge. Nimejua ni yeye kabla hajafungua mdomo: mlinzi wa mirador.

"Jambo, mama. Mi ni Hamadi. Banasema weye njo unajuaka lunette."

"Banasema."

"Hii ilianguka ku ngazi ya mirador, juu ya mvua. Sasa inalala. Unipimie, isilale tena, iwe droit."

Lunette yake ni darubini ya juu ya bunduki, kitu kizuri, kioo safi, pete mbili za kuishikilia, moja imelegea. Nimemwambia atoe risasi. Amesema haina. Nimemwambia anionyeshe, akanionyesha bila kununa.

Kazi yenyewe naiandika kwa sababu naipenda, liwalo na liwe. Bunduki unaibana kwenye jiriwa kwa kitambaa, mtutu ukiangalia mwisho wa ua. Unaweka pima maji mgongoni mwake hadi kiputo kikae katikati. Kule mwisho wa ua unaning'iniza timazi, uzi mweupe na risasi ya chuma ya baba chini yake. Uzi unayumba kwa upepo, kwa hiyo ile risasi unaizamisha ndani ya ndoo ya mafuta machafu ya gari, ining'inie humo bila kugusa popote. Mafuta yanautuliza. Halafu unaangalia ndani ya darubini. Mle ndani kuna msalaba wa nyuzi mbili. Unaizungusha darubini taratibu hadi uzi wa wima ulale juu ya uzi wa timazi, ukakosa kujua upi ni upi. Mwisho unakaza skrubu, huku kidogo, huku kidogo, kwa sababu skrubu ya mwisho hupenda kuharibu kazi yote.

Benoît ametoa kichwa dirishani akauliza shida iko wapi, kuinama kidogo kuna ubaya gani. Nimemwambia: karibu hakuna ubaya. Kwa mita mia, risasi itaenda unapoangalia. Lakini mbali, pale unapolazimika kuinua mtutu ili risasi ipande kwanza halafu ishuke, msalaba uliolala unaipandisha kiupandeupande. Kadiri unavyopiga mbali ndivyo inavyozidi kwenda kando. Amerudisha kichwa ndani.

Hamadi ameangalia ndani ya darubini muda mrefu. Kisha, akiwa amempa Benoît mgongo, amesema polepole:

"Mama, njo maana nataka droit. Mi sipigake batu. Mi napigaka pembeni yabo, baogope, baende. Lunette ikilala, nitapiga mutu bila kupenda."

Nimemwangalia. Mwizi naye husema alikuwa anapita tu. Bunduki nimeipima sawasawa, kwa sababu jina la Nkulu liko kwenye kibao. Lakini mkono wake sikuupokea, nikajifanya mikono yangu ina mafuta.

Nyumbani sikusema kitu. Ningeanzia wapi?

15 Oktoba

Nimemwambia asiende. Ameenda. Amerudi.

22 Oktoba

Mvua. Jiwe limepigwa tena, anasema Gracien. Nimepata hasira kwa kazi yangu mwenyewe: nimempimia mtu darubini kwa uangalifu wa kushika yai na bado hajui kupiga. Halafu nimeona aibu kwa hasira hiyo.

8 Novemba

Msiba. Tshilombo, mume wa Noëlla wa nyumba ya tatu, amepigwa risasi na mlinzi kwenye konsesheni nyingine, upande wa barabara ya Fungurume. Wenzake wamemleta kwa taxi-moto, amekalishwa katikati ya watu wawili kama abiria aliyesinzia. Noëlla alikuwa anauza mkaa. Aliona pikipiki inakuja, akawapungia.

9 Novemba

Kilio kwa Noëlla. Mvua imeanguka juu ya turubai, wimbo haukusikika, tumeimba hivyo hivyo. Wanaume walizungumza habari za walinzi. Mmoja akasema wengi ni watu waliotoka mashariki, hawana ndugu hapa, ndiyo maana wanaua bila uchungu. Nilijua si kweli: aliyemuua Tshilombo ni mtoto wa hapa hapa Kolwezi, kila mtu anamjua mama yake. Lakini nilikubali kwa kichwa pamoja nao. Ile kofia ya sala ya Hamadi ilinijia machoni, na ilinifaa kuchukia kitu chenye sura.

Mama alisema, "Muchimba shimo ataingia mwenyewe." Watu wakaitikia amina.

10 Novemba

Nimemwambia asiende. Nimepiga kelele hadi sauti imekatika. Sikio la kufa halisikii dawa. Ameenda.

27 Novemba

Barabara ya kwenda sokoni imekuwa mto. Nimevaa mabuti ya baba.

10 Desemba

Pikapu nyeupe tena. Unyevu umeingia kwenye darubini, kioo kimefunga ukungu. Benoît safari hii ameshuka, amesimama uani kwangu na viatu vyake safi, amenisalimu kama mtu anayenijua. Nimefungua, nimekausha, nimefunga pete mpya ya mpira. Nilipokuwa nimeinama, nimemsikia akimwambia Hamadi, wala hakushusha sauti:

"Mambo ya mawe, basi. Kila siku unapiga mawe, bale banacheka. Mwaka hauishe bila mutu mumoja kulala pale. Bengine batajifunza. Ukishindwa, nitatia mwingine."

Hamadi aliangalia mabuti yake. Kisha Benoît akarudi garini kupokea simu, na Hamadi akaja karibu na meza yangu.

"Mama, tafazali. Ufanye droit. Kuliko siku ya kwanza."

Niliona Tshilombo kwenye pikipiki. Niliona mtu anayeniomba nimsaidie kuua vizuri, na anaomba kwa tafadhali.

Sasa naandika nilichofanya, na siandiki kwa majuto. Nilibana bunduki, niliweka pima maji, kiputo kikakaa katikati, yeye akiangalia. Nilikwenda mwisho wa ua kuning'iniza timazi. Na ndoo niliisogeza kwa mguu. Risasi ya timazi ikaegemea ukuta wa ndoo, ndani ya mafuta meusi ambamo hakuna jicho linaloona, na uzi ukalala kidogo. Kidogo tu. Ukuta wangu wa matofali wenyewe hauko wima, miti ya uzio imeinama kila mmoja na upande wake. Hakuna kitu cha kuushtaki uzi ule. Niliisogeza ndoo kulia, ukitazama kutoka kwenye bunduki, kwa sababu kushoto kulikuwa na cherehani ya jirani.

Kisha nikauzungusha msalaba hadi ukalala juu ya uzi. Nikamwita aangalie.

Aliangalia muda mrefu. Akasema, "Inalingana kabisa." Akashika mkono wangu wenye mafuta kwa mikono yake miwili. "Aksanti, mama. Sasa nitalala."

Atajaribu kwa mita mia, itagonga katikati. Mita mia haisemi kitu. Lakini ng'ambo ya karieri, akimlenga mtoto wa mtu kifuani, risasi itapita kando, nusu ya hatua. Mpimaji Nkulu, baba yangu, hakuwahi kuning'iniza timazi ya uongo maishani mwake. Binti yake amefanya, na leo amekula vizuri.

13 Desemba

Benoît amelipa kwa mabati. Mabati mapya, mazito, ya konsesheni. Nimemwambia mama kwamba ni malipo ya kupima mizani ya wauza shaba. Gracien amepanda akayapigilia mwenyewe, anapiga mluzi juu ya paa. Anakwenda Fungurume kubeba mizigo sokoni hadi mwisho wa Januari, kwa sababu Milombe imejaa maji na ngazi za chini hazifikiki.

25 Desemba

Krismasi. Mvua imelia juu ya mabati siku nzima na godoro la mama ni kavu. Nimefurahi. Niseme ukweli, nimefurahi sana, na nilipokuwa nikiimba nilifikiria ile ndoo.

11 Januari

Mvua, na hakuna kazi. Cherehani bado iko.

29 Januari

Leo amekuja mwanamke wa makamo na miwani iliyovunjika mkono. Amisa, anauza vitenge soko la Manika, meza ya kona. Nilimjua kwa sura. Nilipokuwa nikichoma waya alinitazama, akasema:

"Weye njo ulipimiaka bwana yangu lunette. Hamadi. Anakusifia mingi ku nyumba."

Nikauliza bwana anaendeleaje, kwa mdomo tu.

"Sasa analala. Mbele hakulalaka. Ile lunette ilipoangukaka, alikuwa na woga: nitaua mutoto wa mutu. Anajua kupiga, unajua? Ku jeshi njo kazi yake ilikuwa. Aliacha jeshi juu ya ile kazi. Hapa banamwambia apige batu, yeye anapiga jiwe. Moja. Ile ile. Kuko kijana mumoja anasimamaka pembeni ya jiwe, mwembamba, kofia ya rouge. Hamadi anasema, ule kijana na mi tunaelewana: nagonga jiwe, anaita benzake, banaenda, hakuna mutu anakufwa, na chef anasikia bunduki. Sasa chef anamubana. Yeye anasema: mi nitagonga jiwe mpaka banifukuze."

Kofia nyekundu ni ya Gracien. Nilimshonea mimi.

Waya ulinichoma kidole, sikusikia. Nilimrudishia miwani, sikuchukua kitu. Nimekaa hadi sasa nimeangalia ukuta.

Mtu asiyejua kupiga hakosi mahali pamoja. Mtoto wa mpimaji anajua hilo kabla ya kujua kusoma. Kosa la kweli hutawanyika: leo juu, kesho kushoto. Kinachorudi mahali pamoja kila siku si kosa, ni kulenga. Gracien aliniambia mara ngapi? Ile ile, yaya, ile ile. Hamadi mwenyewe aliniambia kwa mdomo wake. Nilikuwa na kila kipimo mezani, nikasoma nilichotaka kusoma.

Jiwe liko upande gani wa Gracien? Ukimwangalia kutoka mirador, jiwe liko kushoto, yeye kulia. Ndoo ilikwenda kulia, na msalaba ukaufuata uzi. Nimekaa nikafanya hesabu mara tatu. Risasi inakwenda kulia.

30 Januari

Nimekwenda kwa Amisa alfajiri. Hamadi yuko zamu ya majuma mawili, simu za walinzi zinaachwa getini. Nimekodi taxi-moto hadi geti la konsesheni. Nimesema mimi ni fundi wa darubini, kuna skrubu niliyoisahau, ni lazima niione bunduki. Mlinzi wa geti amesema darubini ilijaribiwa, inagonga kama kawaida, na mimi nirudi nyumbani nisije nikalowa. Nimeomba nimwone Benoît. Yuko Lubumbashi. Nimeomba wamwambie Hamadi asipige hadi aniite. Wamecheka: mlinzi asipige kwa amri ya mwanamke wa skrubu?

Nimerudi na mvua yote mgongoni.

1 Februari, Jumapili

Gracien amerudi jana kutoka Fungurume. Maji yameshuka Milombe, kesho anaingia.

Nilimngoja baada ya misa. Tulikuwa mezani, yeye, mama na mimi, mvua inapiga mabati. Nilikuwa na maneno yote mdomoni: darubini, ndoo, Hamadi, nusu ya hatua. Mama akanyanyua macho juu, akasema, "Mungu akubariki, mwanangu, ju ya ile mabati." Na maneno yakanirudi tumboni. Ningesema mbele yake kwamba tumefunikwa na bati la walinzi, miezi mitatu baada ya kumzika Tshilombo?

Nikasema tu: "Gracien, kesho usiende."

Akacheka, akachukua ugali. "Yaya, toka mwezi wa kumi kila siku unasema usiende."

Ni kweli. Nimeyatumia maneno hayo hadi yameisha ladha. Nikasema, basi usisimame kwenye jiwe. Akasema kwenye jiwe ndipo penye usalama, yule kipofu hajawahi kumkosea. Nikajiambia nitamfuata chumbani, nimwambie tukiwa wawili. Akasinzia mapema. Nikajiambia asubuhi.

2 Februari

Nimeamka kitanda chake ni kitupu. Wameondoka kabla ya kupambazuka kwa sababu ya ukungu. Nakwenda Milombe.

6 Februari

Tumemzika jana.

Nitaandika. Nilifika kwenye uzio, niliona tundu, nikapita kwa magoti. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka shimoni. Niliona kofia nyekundu mbali, kando ya jiwe jeupe. Niliita. Aligeuka, nadhani alinijua, kwa sababu aliinua mkono kama anavyowaita wenzake. Mlio ulikuja baadaye, mdogo, wa kawaida. Wenzake wakaanza kubeba mifuko. Hata mmoja hakushtuka. Kengele imelia, ni wakati wa kwenda. Walikuwa wameshageuka ndipo nilipomfikia.

Ilimpata chini ya mbavu. Jiwe halikuwa na alama mpya.

Alisema, "Yaya, leo amekosea." Alisema kama mtu anayemwonea rafiki yake huruma. Tulimbeba kwa mfuko wa madini. Kwenye uzio hakuwa tena mzito kwa namna ya mtu aliye hai, na mimi nilijua, lakini niliwaambia wakimbie.

Mama amelala kwenye godoro lake kavu, ameukabili ukuta. Mvua haijakoma, na kila tone juu ya bati nalisikia.

15 Februari

Wanasema ilikuwa ajali. Benoît amehamia Lubumbashi, harudi tena huku. Hamadi mwenyewe aliweka bunduki chini, akashuka kwenye mirador, akasema ni yeye, mkono wake. Wamemwachisha kazi.

22 Februari

Vijana wamevunja meza ya Amisa sokoni. Vitenge wamevitupa kwenye tope, wakavikanyaga. "Rudini kwenu!" Amisa amezaliwa hapa, kama mimi. Mmoja wa vijana alinikimbilia akiwa na furaha: "Tumemulipia Gracien, yaya!" Nilisimama pale na kikapu. Nimenunua nyanya.

8 Machi

Sijafungua karakana.

21 Machi

Mvua imepungua. Jirani amekuja kuchukua cherehani. Ameniambia pole, ameomba msamaha kwamba imekaa sana. Alipoiondoa, imebaki alama ya mraba kwenye udongo, kavu, upande wa kushoto. Nimeitazama nusu ya siku. Kama angekuja kuichukua Novemba, labda mguu wangu ungesukuma ndoo upande huo, na Gracien angekuwa anacheka sasa. Lakini si cherehani iliyosogeza ndoo.

12 Aprili, Jumapili

Leo amekuja Hamadi. Amekonda, kofia ya sala imekuwa kubwa kwake. Mama alikuwa kisimani. Hamadi alisimama mlangoni mwa ua, hakuingia hadi nilipomwambia.

"Mama Huguette, minakuya kuomba musamaha. Mi sijue inafika je. Lunette ilikuwa droit, uliipima weye, mi mwenyewe niliangalia. Upepo haukukuwa. Basi ni mukono yangu. Miaka yote hii, mukono yangu haikuniongopea. Kila siku naipiga tena mu kichwa, ile risasi. Kila siku inagonga jiwe."

Alinyoosha mkono wake wa kulia, akautazama kama anayemtazama mbwa aliyemuuma mtoto wa nyumbani.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza kanisani, sokoni, mezani, kazi naijua. Lakini ule mkono sikuweza kuutazama. Nilikwenda nikachukua timazi ya baba, nikaining'iniza mwisho wa ua. Nikaleta ndoo na mafuta yale yale. Nikaiweka sawa, uzi ukatulia wima. Kisha, yeye akiangalia, nikaisukuma kwa mguu, kulia, kama siku ile. Uzi ukalala.

Alikaribia. Alichutama, akaingiza vidole kwenye mafuta, akaigusa risasi ya timazi pale ilipoegemea. Alibaki hivyo, vidole ndani ya mafuta.

"Ilikuwa juu ya nini?" akauliza.

"Nilifikiri utapiga mutu. Nilitaka ukose."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

Alijipangusa vidole kwenye majani, kimoja kimoja. Nilingoja anipige, nilitaka anipige. Aliirudisha ndoo mahali pake kwa mikono yake miwili, akangoja hadi uzi uliposimama.

"Mama yako anajua?"

"Hapana."

Kisha akasema, "Basi umwache asijue. Kunichukia mi, amezoea. Akuchukie na weye, atabakia na nani? Mi nitabeba. Tunaenda Dilolo na Amisa, kwa ndugu yake. Kule hakuna mutu ananijua."

Akaondoka. Nilimwona akipinda kona, bega la kulia limeshuka, mkono ule ule ameuficha mfukoni. Hakunilaani, na hilo sitalimaliza maishani mwangu. Amenipa zawadi ya kukaa kimya, na nilijua kwamba ningeweza kuipokea, kama nilivyopokea mabati.

Mama aliingia na maji kichwani. Aliona timazi inaning'inia, mara ya kwanza tangu Februari, akatua ndoo yake kando ya ile ya mafuta.

"Ule baba wa kofia, nimemupita ku kona, alitaka nini ku nyumba yangu?"

Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu. Nilimvutia kiti akae.

"Mama, ikala kwanza."